Moyo Uliomwelea Clara

Uvumi ulimfikia Matilda akiwa na beseni lake la sambusa pale soko la Warwick mjini Durban, katikati ya kelele za wapiga debe wa teksi, nao ukamng'ang'ania kama kupe. Ulisema kwamba binti yake Clara, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa akionekana jioni akitoka katika saluni ya kinyozi Achille kule Sydenham huku anapepesuka kama mlevi, ameshika ukuta. Mara mbili alitapika karibu na robot, taa za kuongozea magari, watu wakiangalia. Kwa ufupi, moyo ulikuwa unamwelea. Na msichana wa shule moyo ukimwelea, hakuna anayemuuliza amekula nini.

Aliyeuleta uvumi huo alikuwa Gracieuse, Mkongomani aliyesuka nywele vibanda vichache kutoka hapo.

"Mama Clara, miye sisemi kitu," alianza, na hapo ndipo aliposema vyote. "Lakini ile pazia ya Achille inafungwaka kila mara. Mutoto anaingia muzima, anatoka mugonjwa. Tena iko muzungu mule ndani. Muzee. Murusi."

"Mrusi anafanya nini kwa kinyozi wa Sydenham?"

"Miye nitajua wapi? Banasema ndiye anamuzungusha mutoto."

Matilda alikuwa mzaliwa wa Tanga. Alijua vizuri maana ya mwanamume mzima kumzungusha msichana. Sambusa zilizobaki siku hiyo aliziuza bila kujua anampa nani.

Mjane huyu hakuja Durban kutembea. Alikuja ili Clara asome, na kila sambusa aliyoikunja aliikunja kwa ajili hiyo. Walimu walisema mtoto ana akili, hasa ya hesabu. Ndiyo maana hofu ilipomwingia ilimwingia yote kwa pamoja, kama maji kwenye kiatu kilichotoboka. Clara alipoukataa uji asubuhi, ilikuwa dalili. Alipolala mapema, ilikuwa dalili. Alipocheka peke yake akiosha vyombo, hiyo ndiyo ilikuwa dalili kubwa kuliko zote.

Kumuuliza hakumuuliza. Aliogopa jibu. Badala yake alikwenda kwa Libérate, mfanyabiashara Mrundi aliyekuwa akisafiri Jumapili kwenda Lusaka, akamwomba amchukue Clara na kumpakia huko kwenye gari la kwenda Tanzania, afike kwa bibi yake Tanga kabla tumbo halijaonekana. Masomo yangeishia hapo. Matilda alilijua hilo, akalia kidogo akikunja nguo za mtoto kwenye begi la mistari, kisha akalisukuma begi chini ya kitanda.

Ijumaa alifunga biashara mapema akapanda teksi hadi Sydenham. Alitaka aione kwa macho yake kabla ya Jumapili. Saluni ilikuwa mlango wazi, lakini ndani pazia la maua lilikuwa limefungwa, na nyuma yake sauti ya kike ilikuwa ikihesabu kwa Kifaransa. Matilda alilivuta pazia kwa nguvu hadi pete za kulitundikia zikaanguka sakafuni.

Alichokiona hakukitegemea. Clara alikuwa juu ya kiti cha kinyozi, amefungwa macho kwa taulo, kiti kinazunguka kama pia. Aliyekuwa akikisukuma ni Marie, mke wa Achille, mjamzito wa miezi mingi, na ndiye aliyekuwa akihesabu. Achille alisimama kando na wembe mkononi. Kwenye benchi aliketi mzee mmoja wa Kizungu, mfupi, kifua kipana, nusu ya uso wake imenyolewa na nusu imejaa povu la sabuni.

Marie alikisimamisha kiti. Clara akaondoa taulo, akamwona mama yake, akajaribu kusimama kwa heshima. Miguu ikaenda kushoto, kichwa kikaenda kulia. Aliiwahi ndoo ya nywele akatapika.

"Nani amekufanya hivi?" Matilda aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, nayo ilitisha kuliko makelele.

"Kiti, mama," alijibu Clara kutoka ndani ya ndoo.

"Mama Clara, kaa kwanza," Marie akamsihi, akimgeuzia kiti hicho hicho kwa mazoea ya kazi.

"Mimi? Pale?" Matilda alikitazama kiti kama mtu anayemtazama mwizi aliyeonyeshwa.

Yule mzee alisimama, akainamisha kichwa, akazungumza Kifaransa polepole. Achille akafunga wembe akatafsiri.

"Anasema pardon, mama. Ye ni kolonel. Chuo moja ya hapa ndiyo ilimuita aje kufundisha. Anakujaka hapa Ijumaa kunyolewa, sababu miye najua Kifaransa, na ye alijifunza Kifaransa wakati alikuwa anafanya mazoezi na Bafaransa." Achille akashusha sauti. "Mama, huyu mutu alienda kule juu. Na roketi."

"Juu wapi?"

Achille akaonyesha dari.

Matilda alikuwa amekuja kugombana, na maneno alikuwa ameyapanga ndani ya teksi. Lakini katika maneno yote hayo hakukuwa na hata moja la kumwambia mtu aliyetoka angani na povu shavuni. Akakaa kwenye benchi. Akauliza lile ambalo lingemtoka mwanamke yeyote mwenye nyumba: "Huko juu alikuwa anakula nini?"

Kanali akacheka. Swali hilo likafungua mlango, na mengine yakafuata. Alilalaje? Amefungwa kwenye mfuko ukutani, kama popo. Je, mkate? Mkate ulikatwa vipande vya tonge moja moja, maana chembe zikitawanyika huingia puani. Marie akataka kujua choo, na Achille akatafsiri akitazama pembeni.

"Na uzito je?" Matilda aliuliza. "Mtu haanguki?"

"Anasema kule hakuna kuanguka. Mutu anakuwa... ana-*flotter*. Kama majani juu ya maji. Bino munasema je?"

"Kuelea," alisema Matilda.

"Voilà. Kuelea."

Matilda alimtazama binti yake, aliyekuwa akijifuta mdomo kwa upindo wa sketi ya shule. Neno lilikuwa lile lile. Siku nyingi lilikuwa limemkaa kifuani kama jiwe, na sasa lilikuwa linamtoka taratibu.

Kanali akaeleza alivyofika huko. Alizaliwa kijijini, akaingia jeshini kijana, akawa rubani wa ndege za kivita katika nchi ya barafu, ambako jua la majira ya baridi halichomozi. Miaka mingi alirusha ndege. Siku moja wageni walifika kikosini, wakawaita marubani mmoja mmoja, wakawauliza kama wangependa kurusha kitu cha juu zaidi. Hawakusema kitu gani. Wengi waliokubali walirudishwa nyumbani, huyu kwa jino, yule kwa moyo kupiga vibaya. Waliobaki walizungushwa kwenye kiti macho yamefungwa. Walifungiwa katika chumba kisichopenywa hata na sauti ya nzi. Walitupwa msituni wakati wa theluji wajitafutie njia. Na kati ya hayo yote, darasani: hesabu, nyota, mitambo, mitihani, kisha hesabu tena.

"Halafu akapanda?" Matilda aliuliza.

"Halafu akangoja," Achille akatafsiri. "Mwaka baada ya mwaka. Benzake banapanda, ye anabaki chini, anashika redio. Nywele zikaanza kuwa nyeupe. Ndipo akaitwa. Mara moja tu, kidogo kupita wiki moja."

Kanali akainua kidole kimoja. Nje teksi zilipiga honi.

"Miaka yote hiyo," alisema Matilda, "kwa wiki moja ya kuelea." Akatikisa kichwa. "Kwetu kuna msemo: usione vyaelea, vyaundwa. Mwambie."

Achille alihangaika nao. Alitumia mikono, akachonga mashua hewani, akapigilia misumari. Kanali alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo.

"Anauliza, hao batu ba Tanga balisema hivi, nao balikuwa na roketi?"

Marie akacheka mpaka akashika tumbo, hata Matilda akatabasamu. Lakini bado alikuwa na swali moja, lile aliloliogopa. "Na mama yake alisema nini?"

Safari hii Kanali aliacha kucheka. Alishika taulo akajifuta povu lililokwisha kukauka. Mafunzo yalikuwa siri ya jeshi, alisema. Hakuruhusiwa kuandika yuko wapi. Barua zikapungua. Kijijini wakaanza kusema mwana amefungwa jela, wengine wakasema amekimbia mke. Mama yake aliishi na maneno hayo miaka, akienda kisimani kifuani mzigo, kichwa chini. Mwana alipotangazwa redioni kwamba amepanda, mama alikuwa amekwisha kufa majira ya baridi yaliyotangulia.

"Anasema kiti kilimutapisha," Achille akamalizia, "lakini ile ndiyo bado inamutapisha mpaka leo."

Kisha Kanali akamgeukia Clara. Akamuuliza kwa nini mama yake hajui.

"Nataka kwenda kule juu kama yeye. Nilitaka kwanza nikiweze kiti, ndiyo nimwambie," alisema Clara. "Pazia tulifunga kwa sababu watoto wa mtaani walikuwa wakinicheka."

"Na saa za kuzunguka unazitoa wapi?" Kanali aliuliza tena kupitia Achille.

Clara akainama. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba tangu mwezi uliopita hakuhudhuria masomo ya ziada ya hesabu. Jaribio la mwisho alikuwa ameshindwa, naye alikuwa amelificha chini ya godoro.

Kanali hakumkaripia. Alikisukuma kiti kwa kidole kimoja, kikazunguka chenyewe, kitupu. "Hiki," Achille akatafsiri, "hata gunia la muhogo linaweza kukaa. Kukaa siyo kazi. Ye balimufundisha hesabu kwanza, kiti kikafuata. Wewe umeanza nyumba na bati."

Clara alikitazama kiti hadi kikasimama. Sasa maneno hayo yalikuwa yamemwelea, tena bila kichefuchefu.

Mama na mwana walirudi kwa miguu, maana Clara hakutaka kupanda kitu chochote kinachotikisika. Walipofika chumbani, Clara aliinama kutoa ile karatasi ya jaribio chini ya godoro, mkono ukagusa begi la mistari. Akalivuta. Akalifungua, akaona nguo zake zote zimekunjwa, na juu yake kanga mpya.

"Mama, begi hili la nani?"

"Lilikuwa lako. La Jumapili. Ungekwenda na Mama Libérate."

"Ungenirudisha Tanga bila kuniuliza?"

"Na wewe ungekwenda mbinguni bila kuniaga?"

Wakatazamana. Hakuna aliyeshinda. Clara akaanza kutoa nguo moja moja, na mama yake akazipokea na kuzipanga kabatini, kanga akaiacha ya mwisho, akamfunga mtoto kiunoni.

Jumatatu Matilda alipita kwa Gracieuse na sambusa mbili za bure, ili asikilizwe vizuri.

"Dada, pazia ni kweli," alisema. "Kutapika ni kweli. Mrusi ni kweli. Mbao za uvumi wako zote tatu zilikuwa nzima. Misumari ndiyo uliyoitia mwenyewe."

Gracieuse akatafuna, akafikiri. "Eish, Mama Clara. Sawa, miye nimetengeneza mutumbwi. Lakini nani alipanda ndani, akafunga na begi ya mutoto?"

Matilda alichukua beseni lake akaenda zake.

Clara alirudi kwenye hesabu. Alishindwa jaribio lililofuata pia, kwa alama chache, na lile la baada yake akalipita. Kabla ya kuondoka Durban Kanali alikuja kunyolewa mara ya mwisho, akakizungusha kile kiti akicheka, akamwachia Clara salamu kwa Achille: kiti hakikimbii, kitamngoja. Marie alijifungua mtoto wa kike. Pazia la maua lilifuliwa, likaning'inizwa tena, lakini tangu siku hiyo halikufungwa.

Basi mzazi, na wewe kijana unayesoma, haya ndiyo ya kuepuka:

Usimfungie mtoto begi kabla hujamfungulia masikio.

Usimfiche mama yako jambo jema. Likifichwa hunuka kama baya.

Usifunge pazia mahali ambapo mlango wazi ungekutosha.

Usikimbilie kiti ukaiacha hesabu ubaoni.

Usipande uvumi kabla ya kuuliza nani amepigilia misumari.

Usingoje kusikia habari za mwanao redioni.

Na usione vyaelea, vyaundwa.