Kikohozi cha Marehemu Yusto

Hapo zamani, si zamani sana, wakati ule zahanati ilipokuwa haishoni jeraha la kupigwa mpaka uje na karatasi ya polisi, palikuwa na mjane jina lake Skolastika. Mumewe, Yusto Kikoti, alifariki kwa ugonjwa wa kifua siku ya Jumanne, akazikwa Jumatano. Wiki tatu baadaye, kitambaa cheusi kikiwa bado kichwani, Skolastika alikaa kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo, rozari mkononi, akimtazama mwanawe wa pekee amesimama mahali pa mshtakiwa.

Mwanawe aliitwa Eusebi. Aliyepigwa aliitwa Meinradi Komba, na kichwani alikuwa na nyuzi saba.

Sikilizeni ilivyokuwa. Yusto alikuwa Mhehe, Meinradi ni Mngoni. Babu zao walipigana vita, wajukuu wakabaki na utani. Mtani akija msibani kwako hana adabu, wala hatakiwi kuwa nayo. Anajipaka majivu, anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Basi siku ya maziko Meinradi alichimba kaburi tangu asubuhi. Lilipokamilika, akavaa koti la Yusto, akalala chali mle ndani, akakohoa. Akakohoa kikohozi cha Yusto hasa, kile kirefu kinachoishia na mluzi. Watu wakaangua kicheko.

Eusebi hakucheka. Yeye alilelewa kwa shangazi yake, mbali, kwa watu wasiojua utani wa msibani. Alikuwa amerudi nyumbani miezi miwili tu kumwuguza baba. Akachukua chepeo kilichochimbia kaburi, na Meinradi alipoinuka kutoa kichwa, akampiga nacho.

Mke wa Meinradi akamkimbiza mumewe zahanati. Mganga akasema, "Sishoni bila karatasi ya polisi." Wakaenda polisi. Polisi akauliza aliyepiga ni nani, akaandika. Walikwenda kutafuta uzi, wakarudi na kesi.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa baraza.

"Meinradi Komba, huyu alikupiga?"

"Mheshimiwa, mimi siku ile nilikuwa marehemu. Marehemu hapigwi."

Watu wakacheka. Hakimu akangoja wamalize.

"Nakuuliza mara ya pili."

"Alinipiga. Lakini Wahehe kupiga hawajui tangu enzi za babu zao. Si unaona bado nipo?"

"Mashtaka ulileta wewe?"

"Mimi nilipeleka kichwa, Mheshimiwa. Mashtaka waliandika wao."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akaeleza pole pole, ili kila mtu aelewe, kwamba shauri kama hili linaweza kuisha kwa suluhu. Aliyekosa aombe radhi hapo mbele ya mahakama, aliyekosewa asamehe, na shauri lifungwe. "Msipopatana, nitatoa hukumu. Na mshtakiwa amekwisha kukiri kwamba alipiga. Anaweza kutoka hapa akaenda gerezani."

Vidole vya Skolastika vikasimama kwenye punje moja ya rozari, visisogee.

"Eusebi, utaomba radhi?"

"Kwa kosa lipi, Mheshimiwa? Miezi miwili nilimshika baba kifua akikohoa. Kilipokoma kile kikohozi, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba mzee amepumzika. Kesho yake nakisikia kinatoka kaburini. Sikutaka kumpiga mtu. Nilitaka kinyamaze."

Skolastika akasikiliza, akaona mwanawe ana haki.

"Meinradi, utamsamehe hata asipoomba?"

Safari hii Meinradi hakutania. "Yusto aliniambia kwa mdomo wake, mtani, nikifa usiniache nizikwe kimya kama mtu asiye na kwao. Nimefanya nilichoagizwa. Nikisema nimekosa, nimemkana rafiki yangu. Na huyu nikimsamehe bila kuomba, msiba ujao kila mfiwa atashika chepeo, na hakuna mtani atakayekanyaga."

Skolastika akasikiliza, akaona Meinradi naye ana haki. Akachanganyikiwa.

Mzee wa kwanza wa baraza akasema, "Utani una mpaka. Koti, sawa. Mwendo, sawa. Ugonjwa uliomwua mtu hauigwi."

"Mpaka huo aliuchora nani?" akauliza mwenzake. "Mimi nilipomzika mke wangu, mtani aliiga mpaka alivyokata roho. Nikacheka, nikaweza kula."

"Wewe hata bila mtani ungekula."

"Wazee," hakimu akasema.

Mzee wa kwanza akamgeukia Meinradi. "Hebu niambie. Kabla ya kukohoa, ulimwuliza mwenye msiba?"

Meinradi akatazama sakafu. 

Skolastika akajua kwa nini amenyamaza. Asubuhi ile ya maziko Meinradi alimjia yeye alipokuwa amekaa mkekani, akainama, akanong'ona, "Shemeji, nikohoe au nisikohoe?" Naye alijua Eusebi hajui utani. Alijua angepaswa kukataa, au amwite mwanawe amweleze. Lakini nyumba ilikuwa kimya tangu Jumanne, na miaka thelathini na mmoja alikuwa akiishi na kikohozi kile. Akasema, "Kohoa." Na alipokisikia, kwa pumzi moja tu, alifurahi. Kisha akasikia chepeo.

Akasimama.

"Mheshimiwa, ni mimi niliyesema akohoe."

"Mwanao alijua?"

"Hakujua. Niliogopa angekataza. Nilikuwa na hamu na kile kikohozi."

Eusebi akageuka. "Mama. Wewe?"

"Shemeji, kaa chini," Meinradi akasema. "Nilikuwa nimekuficha vizuri."

Hakimu akawatazama wote watatu, akavua miwani. "Mahakama inataka mmoja wa kuomba radhi na mmoja wa kusamehe. Nilikuwa nao. Sasa sina." Akainuka na wazee wake, wakaingia chumba cha ndani. Mlangoni akageuka. "Tukirudi nikute mmekubaliana."

Wakabaki. Eusebi aliutazama ukuta. Meinradi alipapasa nyuzi zake. Skolastika alianza Baba Yetu kimoyomoyo, akafika pale pa kusamehe na kusamehewa, akakwama. Hakujua yeye amesimama upande upi. Akaanza tena toka mwanzo, akakwama palepale.

Mlango ukafunguliwa. Karani akasema, "Simameni," na wote watatu wakasimama.

Hakimu akaketi. Wazee wakaketi. Watu wengine wote wakaketi. Sasa mmoja kati ya wale watatu inampasa abaki amesimama, afungue kinywa, kabla hakimu hajashika kalamu.

Nanyi mmesikia yote waliyosema. Je, abaki nani, na amwombe nani radhi?