Kurasa Ambazo Hazikusindikizwa

Alikuwepo mtu mmoja mjini Tukuyu, Ambakisye kwa jina, mwenye duka la steshenari, kompyuta moja na moyo wa kukaribisha watu. Waliotaka kuomba kazi au kuangalia matokeo ya mitihani walimwendea, naye akawafungulia ukurasa mtandaoni, akawasaidia, wakaondoka wameridhika. Lakini ukurasa hakuufunga. Kwake, kufunga ukurasa wa mteja kulikuwa sawa na kumfungia mtu mlango mgongoni. Alijiambia kwamba mteja atarudi, akauacha wazi.

Kurasa zikajipanga juu ya kioo, zikabanana hata majina yake hayakusomeka. Na kila ukurasa ulikuwa na haja zake. Mmoja ulikuwa wa mechi ya mpira iliyokwisha zamani, nao bado uliulizia matokeo. Mwingine ulikuwa na tangazo la magodoro, likicheza bila mtazamaji. Prosesa, ile sehemu ya kompyuta inayobeba kazi zote, ilizihudumia zote. Feni ilivuma kutwa, na mashine ikawa ya moto kama pasi.

Siku moja akaja Mama Tusekile, mchuma chai. Binti yake alikuwa amefaulu, na alitaka aombewe nafasi katika chuo cha uuguzi. Maombi yalikuwa yanafungwa jioni ile ile. Alikuwa amekuja kwa miguu, vyeti vya mtoto amevifunga ndani ya kitenge ili visilowe.

Ambakisye akaanza kujaza. Kila herufi aliyoandika ilikawia kutokea, kisha kila kitu kikaganda. Akalaumu joto, akafungua dirisha. Akalaumu vumbi, akalipuliza. Akaizima kompyuta na kuiwasha tena; lakini alikuwa ameiagiza tangu zamani ianzie pale ilipoishia, basi kivinjari kikafunguka na kurasa zote zile zile, na feni ikaanza kulia upya. Akaipima prosesa, akakuta imefika mwisho wa nguvu zake. Hapo akatamka kwamba mashine imezeeka, haina msaada.

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, jua linashuka. Akauliza vile vilivyojipanga kule juu ni vitu gani. Akajibiwa kwamba ni kurasa za wateja waliopita. Mama akasema:

"Mwanangu, hawa wote uliwakaribisha vizuri, ila hukumsindikiza hata mmoja. Sasa wamejaa ndani, na mimi niliye mlangoni sina pa kukaa."

Ambakisye aliona aibu, kisha akafurahi, maana sasa alijua la kufanya. Kwao mgeni hafukuzwi, lakini pia haachwi akae sebuleni milele. Husindikizwa mpaka njiani, huambiwa asante kwa kuja, na mwenyeji hurudi nyumbani kwake. Basi akaanza kuwasindikiza. Alipofika kwenye ukurasa wa kijana aliyepata kazi ya udereva, alimtaja kwa jina, akamshukuru, akaufunga. Akafanya hivyo kwa bibi aliyemletea maparachichi. Ukurasa wa mechi ulipofungwa, feni ilishusha sauti. Tangazo la magodoro lilipofungwa, ikatulia, na wote wawili wakasikia kwamba nje mvua ilikuwa imeanza.

Ukabaki ukurasa mmoja tu, wa Tusekile. Ukajazwa, ukatumwa, na jibu kwamba maombi yamepokelewa likaja kabla muda haujaisha. Mama alilia kwa shukrani, akakifunga upya kitenge chake akiwa anacheka. Naye Ambakisye akaweka kiganja juu ya mashine iliyokuwa inapoa. Akaishukuru na kuiomba radhi, kwa maana ilikuwa imembebea yote yale, na yeye akaiita mzee.

Ndugu zangu, tumshukuru Mungu kwa mioyo aliyotupa. Imebeba mengi, na bado inapiga. Lakini wewe ambaye moyo wako unavuma hata ukiwa huna kazi mkononi, niambie: ni nani aliyekuja kwako, akakufaa, akaondoka, nawe hadi leo hujamwambia asante ukarudi ndani kumpokea aliye mlangoni?