Majoho Sita ya Rais Bundala

Majaji tisa wa Mahakama ya Juu walikuwa wakimkatalia Rais Bundala kila jambo, naye akashonesha majoho sita ya majaji wake mwenyewe. Kabla ya kuwaapisha, akamwita Zamzam, karani wa katiba.

"Nikishaongeza wangu, asije mwingine akaongeza wake. Andika: baada yangu, hakuna Rais atakayeongeza jaji."

Zamzam akaandika, kisha akasita. "Mtukufu, hiyo 'baada yangu' mbona kama wosia? Watu watadhani unaumwa."

Rais akajishika kifua. "Usinichurie. Futa hayo maneno mawili."

Zamzam akafuta. Bunge likapitisha, Rais akatia saini.

Kesho yake akaja na majoho. Zamzam akamsomea katiba: hakuna Rais atakayeongeza jaji.

"Hiyo hainihusu mimi," Rais akafoka.

"Kwani Mtukufu si Rais?"