Kistari Chini ya Herufi

Mbachao ni mkeka mkuukuu uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Msala ukipita mbele ya macho, tena begani mwa mgeni, mtu huuonea haya mkeka aliolelewa juu yake. Methali inatuasa tusiutupe, kwa kuwa msala huo unapita tu, haukuja kukaa. Hayo yalimfika Velizar, mchoraji wa herufi wa mji wa Plovdiv, nchini Bulgaria.

Velizar alikuwa fundi wa kuchora herufi za chapa, zile zinazotumiwa kuchapishia vitabu. Kazi hiyo alikwenda kuisomea Ujerumani, akarudi na sifa kochokocho. Mwaka mmoja shirika la vitabu lilimpa kazi aliyoiota tangu ujana wake: herufi za kitabu cha kwanza cha kusoma, kile ambacho kila mtoto wa Kibulgaria hukifungua aanzapo shule. Wabulgaria wana maumbo mawili ya herufi zao, ambazo si hizi za Kilatini tuandikiazo sisi. La kwanza limesimama wima kama askari, na linajulikana hata nchi za jirani. La pili limezaliwa na mwandiko wa mkono, nao hulihesabu kuwa lao hasa. Shirika lilitaka hilo la pili.

Hapo Velizar akashika njia ya mkato. Katika umbo hilo la mkono, T yao ina miguu mitatu ishukayo chini, na SH yao, ambayo kwao ni herufi moja, ina mikono mitatu ielekeayo juu. I na P nazo ni vijiti viwili viwili. Yeye alikuwa na herufi za Kilatini alizozichora huko ughaibuni, laini kama hariri. Akazichukua m, n na u akazipachika zilivyo: m ikawa T, n ikawa P, u ikawa I. M nyingine akaipindua kichwa chini miguu juu, ikawa SH. Kazi ikaisha upesi, naye akaitazama kama bwana harusi anavyojitazama kiooni.

Mama yake, Bi Pena, alikuwa amekuja kumtembelea kutoka mji wao wa Kalofer, na kikapu cha chupa za jamu. Akainama mbele ya kompyuta, miwani ikimteleza puani.

"Velko, vistari viko wapi?" akauliza, kwa jina la utotoni la mwanawe.

Watu wa rika lake huandika T kwa kistari juu yake, na SH kwa kistari chini yake, ili vijiti visichanganyike.

"Mama, hayo mambo ya kizamani. Kule nilikosoma wangenicheka."

"Na wakucheke! Kwani wao wanasoma Kibulgaria?"

"Mama jamani..."

"Haya, mimi nimenyamaza. Ila naona umewatoa watoto nje, huyu hana kofia, huyu hana viatu."

Velizar akacheka, akambusu shavuni, akaupeleka ukurasa wake shirikani.

Aliyepewa ukurasa ausome ni Mwalimu Galabova, mama aliyezeekea darasa la kwanza. Alianza kwa sauti ya kujiamini, akakwama, akarudi nyuma, akakwama tena palepale.

"Bwana Velizar, hii ni sentensi au ua wa kuzuilia mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Velizar akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mimi nakwama na mvi zangu hizi, mtoto je?" mwalimu akaendelea. "Lete nyingine Jumatatu. Ukileta vijiti hivihivi, kazi tunampa mwenzako wa Sofia."

Velizar hakurudi kwake. Alipanda basi hadi Kalofer, akapokewa mlangoni na harufu ya pilipili hoho zinazochomwa, ile harufu ya vuli ambayo ughaibuni ilikuwa ikimjia ndotoni. Bi Pena alikuwa uani, vidole vyeusi kwa masizi.

"Wamekukataa," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Uso wako. Shuka ghalani uniletee jamu ya waridi mwitu. Utalia vizuri ukishashiba."

Ghala lilikuwa chini ya nyumba, na taa yake ilikuwa imeungua. Velizar alisimama ngazini, akatupa macho kwenye rafu, na katika giza lile jepesi akasoma majina ya chupa zote. Kila T ilikuwa na kofia yake, kila SH na viatu vyake, kwa mkono uleule wa mama. Akajiona mtoto tena, katika sikukuu ya herufi ya mwezi wa Mei, mji mzima ukiandamana na mashada ya maua. Mama alimchorea SH kubwa ya kuning'iniza kifuani, na mwisho kabisa akapiga kistari chekundu chini yake. "Sasa imevaa viatu," alisema. "Nenda." Siku hiyo Velizar alitembea kama mfalme.

"Velko!" sauti ikaita kutoka juu. "Unaleta jamu au umeoa hukohuko?"

Alichora hukohuko kwa mama, juu ya meza ya jikoni. Vistari vya kwanza viliujaza ukurasa weusi. Akavipunguza, akavikondesha, mpaka vikashikana na herufi kama ukucha na kidole.

Jumatatu Mwalimu Galabova aliusoma ukurasa mpaka mwisho bila kukwama. Kisha akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Mama yangu aliandika hivi," akasema. Akakohoa kidogo. "Lakini hiyo D yako imevimba tumbo. Irekebishe, kisha kazi ni yako."

Velizar aliirekebisha huku akinuna.

Ilipokuja sikukuu ya herufi, alisimama na mama yake langoni pale Kalofer, watoto wakipita na mashada. Binti mmoja wa darasa la kwanza alikuwa na SH kifuani, iliyochapwa kwa herufi za Velizar.

"Imevaa viatu," Bi Pena akanong'ona.

Velizar akamsogelea. Akaushika mkono wa mama yake, ule uliokuwa na kovu la kuungua kwenye jiko la kuchomea pilipili, akakiri moyoni lile ambalo shule za ughaibuni hazikumfunza: usiache mbachao kwa msala upitao.