Vanishi ya Siku ya Ukungu

Wapendwa, kabla hatujafika kwenye somo nina mfano mmoja. Nimeutunga mwenyewe jikoni nikisubiri chai ichemke, kwa hiyo baada ya ibada mtu asije kuniuliza huyo mzee anakaa mtaa gani. Hakai popote. Akifanana na mtu mnayemjua, hilo ni lenu.

Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu. Kazi yake ya zamani ilikuwa kutengeneza meno ya bandia hospitalini. Miaka thelathini alikaa na nta, lenzi na brashi ndogo, akihakikisha jino jipya linaelewana na majirani zake mdomoni. Alipostaafu yeye, mikono ilikataa kustaafu. Wenzake walinunua ng'ombe. Yeye akaanza kupaka rangi sanamu ndogo za mashujaa wa farasi, wale wa Ulaya ya zamani waliovaa chuma kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu. Mmewaona kwenye vitabu vya historia. Sanamu zenyewe zina kimo cha kidole gumba, na zinakuja za kijivu tupu. Kazi ya mwenye kuzipenda ni kuzipa rangi: ngao nyekundu yenye simba wa manjano, chapeo, dirii, hatamu, hadi kwato za farasi. Yote hayo kwa brashi yenye nywele tatu.

Mnacheka. Wewe unayecheka, una jozi ngapi za viatu ambavyo huvai? Kila mtu ana kabati lake.

La mzee huyu lilikuwa la vioo, pale sebuleni. Zamani lilihifadhi vyombo vya harusi vya mkewe. Vyombo vikahamia kwenye katoni chini ya kitanda, wakaingia mashujaa, mwisho wakafika sitini na watatu. Mkewe alisema neno moja tu, "Haya," na nyie wenye ndoa mnajua "haya" ya namna hiyo ina uzito gani.

Sasa, mtaani hapo palikuwa na fundi cherehani. Siku moja alileta suruali ya mzee iliyokuwa kwake kwa marekebisho, akaliona kabati, akasimama. Alikuwa mtu wa rangi na vitambaa, na zile rangi zilimshika. Mzee akampa sanamu moja na brashi iliyochakaa, akamwambia ajaribu. Ukawa urafiki. Kila Jumamosi alasiri wawili hao mezani, chai katikati, hawasemi sana.

Urafiki huo uliendelea mpaka sikukuu ya mavuno ya mwaka mmoja. Watu walileta ndizi, kuku, vikapu. Fundi akaleta mashujaa wake wanne aliowapaka mwenyewe, akawapanga kwenye meza ya maonyesho ukumbini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonyesha watu. Mzee akaja na lenzi yake, akainama, akamwangalia farasi wa kwanza kwa muda mrefu. Watu wakakusanyika kusikia bingwa anasemaje.

"Fundi," akasema, "huyu farasi umempaka rangi au umempaka uji?"

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi ningecheka, nisijifanye mtakatifu. Fundi akatabasamu kidogo, akawarudisha mashujaa wake wanne ndani ya boksi la viatu, akaenda nyumbani. Hakurudi tena Jumamosi. Ila lile neno halikuondoka naye. Likabaki mtaani, likazoeleka, likawa jina lake. Sokoni anaitwa Fundi Uji. Wateja wanaulizana, "Nguo umeshonewa na nani?" "Na Uji." Watoto wadogo wasiojua habari ya farasi wala maonyesho wanamwamkia, "Shikamoo, Mzee Uji," kwa adabu zote, wakidhani ndilo jina lake. Miaka mitatu hivyo. Naomba mtu aniambie, utani wa nusu dakika unalipwaje kwa miaka mitatu?

Tuendelee. Ikatangazwa kwamba askofu anakuja, na mafundisho ya siku hiyo ni silaha za imani: chapeo, dirii, ngao, mnazijua. Mchungaji wa pale akapata wazo. Akamwomba mzee alete mashujaa wake wote ukumbini baada ya ibada, wapangwe juu ya meza ndefu, ili hata bibi asiyejua dirii ni kitu gani aione kwa macho. Mzee hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Miaka tisa ya kazi yake, na atakayeinama kuiangalia ni askofu.

Hapa lazima niwaeleze jambo la ufundi. Sanamu ikishapakwa rangi, juu yake inapulizwa vanishi kutoka kwenye kopo, isichubuke. Na wapaka sanamu wote wana sheria moja ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua: hewa ikiwa na unyevu, usipulize. Ngoja jua. Mzee aliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote katika wilaya. Lakini Jumamosi ile, siku moja kabla ya askofu, aliona mashujaa wake wamefifia, akataka wang'ae. Ilikuwa masika, ukungu umeshuka mlimani, ua wa jirani hauonekani. Akasema moyoni, mara moja tu, haraka haraka. Akawapanga wote sitini na watatu barazani, akapuliza.

Alipotoka ndani na kikombe chake cha chai aliwakuta weupe. Wote. Simba wa manjano hayupo, ngao nyekundu haipo, wamefunikwa na utando kama kioo cha bafuni mtu akimaliza kuoga. Akafuta mmoja kwa kitambaa, haukutoka. Mzee wa watu akakaa chini barazani, sakafuni, akalia. Ndiyo, alilia, kwa ajili ya sanamu za kidole gumba. Miaka tisa ya mtu ni miaka tisa.

Mkewe akatoka, akaangalia.

"Hili si lilimpata fundi?" akasema. "Mkewe alinisimulia kwenye kikundi chetu cha kina mama. Mashujaa wake waligeuka weupe hivi hivi, na akawaponya. Nenda kwake."

"Kwa uso gani, mama?"

"Uso ule ule uliomchekea. Una mwingine?"

"Nitaanza na neno gani?"

"Anza na hodi."

Akachukua mashujaa watatu kwenye kikapu, akaenda, akapiga hodi. Fundi alikuwa kwenye cherehani, futi kamba shingoni, anashona gauni la kipaimara la binti wa watu, na mama wa binti ameketi pale analisubiri. Mzee akaweka kikapu chini. Fundi akamtoa mmoja, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Umepuliza lini?"

"Asubuhi hii."

"Na ukungu huu?"

"Na ukungu huu, fundi."

Hapa mimi ningesema neno. Nawaambia kweli, miaka mitatu ya uji, ningekuwa na maneno ya kutosha. Fundi hakusema. Akamgeukia mama wa binti, akamwomba aje alfajiri, gauni litakuwa tayari kabla ya ibada, naye akakubali huku amenuna. Kisha fundi akaingia ndani, akatoka na kichupa cha mafuta ya mzeituni, yale wanayopakwa watoto wachanga.

"Rangi haijaharibika," akasema. "Ipo yote chini. Ni vanishi tu imenasa unyevu. Twende."

Wakakaa barazani kwa mzee mchana kutwa. Fundi anapaka mafuta kidogo kwa brashi, anangoja, anafuta taratibu kwa kipande cha pamba. Simba anarudi, ngao inarudi. Mmoja, wa pili, wa kumi. Walipofika arobaini macho ya mzee yalichoka, fundi akamaliza waliobaki peke yake. Na wakati anafanya hivyo, mzee akasema, bila kuombwa:

"Fundi, nilikutia aibu mbele za watu. Kesho nitakuheshimu mbele za watu hao hao."

"Sihitaji uniombe radhi ukumbini, mzee wangu," fundi akamjibu. "Wewe taja tu kwamba na mimi nilikuwemo. Taja jina langu, lile la ubatizo. Walisikie kwako."

"Nitalitaja."

"Basi yameisha."

Kesho yake ibada ikaisha, watu wakajaa ukumbini. Fundi alishakeshea gauni, akaja na koti lake la harusi, yeye na mkewe, wakasimama karibu na birika la chai. Mkewe alikuwa ameshaambiwa na mumewe kitakachosemwa, na alikuwa amevaa kitenge kipya kwa ajili ya hilo.

Askofu akainama mezani. Akapewa lenzi. Akamwangalia shujaa mmoja, akamwangalia wa pili, akaita watu waje waone. "Jamani, hata kwato!" akasema. Kisha akanyooka, akamshika mzee mkono.

"Mzee wangu, hii si kazi ya mtu mmoja. Nani amekusaidia?"

Wapendwa, mlango wa namna hiyo unafunguliwa mara ngapi katika maisha ya mtu? Askofu mwenyewe ameuliza. Ukumbi mzima unangoja jibu. Fundi yuko hatua kumi, ameshika kikombe. Mzee alimwona. Akaona pia nyuso zilizocheka mwaka ule, akawaza wataanza kuulizana, kumbe bingwa aliharibu? Kumbe ameokolewa na Uji? Akainua macho juu.

"Baba Askofu," akasema, "ni Mungu tu."

"Amina!" ukumbi ukaitika. Mama mmoja akapiga kigelegele. Kwaya ikaanzisha pambio, watu wakapiga makofi, askofu naye akapiga makofi.

Fundi akasema nini? Na yeye alisema amina. Mlitaka aseme nini? Abishane na Mungu mbele ya askofu? Alisema amina, akaweka kikombe mezani, akamshika mkewe mkono wakatoka. Mlangoni mtoto mmoja akamwamkia, "Shikamoo, Mzee Uji." Akaitika, "Marahaba, mwanangu."

Mfano umeishia hapo. Msingoje mzee atoke mbio kumfuata. Hakutoka.

Sasa niwaulize. Mzee alisema uongo? Fikirini vizuri kabla hamjanijibu, nimekaa na swali hili wiki nzima. Hakusema uongo. Mzeituni umeumbwa na Mungu, mikono ya fundi imeumbwa na Mungu, na ule moyo wa kuacha gauni la watu ukaenda kumsafishia aliyekudhihaki, huo nao umetoka kwa Mungu, maana kwetu sisi haupatikani. Kila neno lilikuwa kweli. Na kwa kweli hiyo akamzika mtu aliye hai. Kumshukuru Mungu ilikuwa rahisi, maana Mungu hasimami karibu na birika la chai akingoja kutajwa. Hatakuaibisha. Hatasema mbele za watu kwamba ulipuliza vanishi kwenye ukungu.

Na sisi je? Kila Jumapili hapa kuna shuhuda. Mtoto amefaulu, ni Mungu tu. Nani alimfundisha hesabu jioni baada ya kazi, bila kudai kitu, mwaka mzima? Nimefanyiwa upasuaji nikapona, ni Mungu tu. Chupa mbili za damu uliyowekewa zilitoka kwenye mkono wa nani? Tumejenga, ni Mungu tu. Nani alibeba mawe? Watu hao wamo humu humu ndani. Wameketi karibu nawe, wanasema amina, wanakwenda nyumbani. Mungu anapokea sifa zetu, lakini msidhani hajui tunamfanyia nini. Tunamtumia kama pazia. Mnisamehe kusema hivyo, lakini ndivyo.

Nami nisibaki juu ya mimbari hii kana kwamba sihusiki. Watu wananiuliza niliwezaje kusoma chuo cha theolojia, mtoto yatima. Miaka ishirini na sita nimejibu, tena kwa sauti nzuri, "Ni Mungu tu." Mmenisikia. Mmeitika amina. Kumbe ni shangazi yangu. Alifua nguo za watu miaka minne, mkono wake wa kulia haukunyooka tena mpaka leo. Nilimwonea haya, kwa kuwa hakujua kusoma, na mimi nilitaka muone nimetoka pazuri. Yupo. Ameketi benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa kina mama, kama kila Jumapili.

Anaitwa Elinsia. Shangazi, naomba usimame.