Vigingi vya Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa jua!
Na nini tena?
— Na kivuli!
Haya, anayependa kivuli asogee kwangu. Anayependa jua asinikanyage.

Hapo kale, ukingoni mwa mto, palikuwa na baraza la mawe, na mwenyewe alikuwa Mjusi. Kila asubuhi Mjusi alitoka ufani amekakamaa kama kijiti, akaota jua mpaka damu ikachangamka. Bila jua la asubuhi hakuweza kukimbia, na Kipanga pale mtini alilijua hilo.

"Umeamkaje, kitoweo?" Kipanga humwamkia.

Siku moja Kiboko akatoka mtoni, gubu! gubu! gubu! Akajimwaga barazani, akalijaza lote.

"Jua linanichoma," akasema. "Nitaliezeka baraza zima mpaka chini, usipenye hata mwali mmoja!"

Mjusi akaona uhai wake unaezekwa.

"Umewaza jambo, mzee wangu! Ila utaezekaje bila fundi?"

"Fundi gani?"

"Mimi! Dari gani sijatembea? Paa la chini ni la kuku. Mtu wa kimo chako huezeka juu, pembeni akaacha wazi, kivuli kikapata pa kumwagikia."

Kiboko akabeba magogo, Mjusi akasimamia. Kiboko akabeba nyasi, Mjusi akasimamia. Kiboko akatokwa jasho, Mjusi akasimamia mno.

Kesho yake jua likachomoza. Upande wa machweo kivuli kikajinyoosha, kirefu, kinene. Upande wa mawio, penye jiwe la Mjusi, jua tupu.

"Mzee wangu, niachie hata nusu ya kivuli."

"Nusu? Nachukua chote!"

"Hata kile cha kule mwisho?"

"Hasa kile!"

"Basi piga vigingi."

Kwao, kigingi kikishapigwa mbele ya shahidi, mtu haingii tena kwa mwenzake. Akaitwa Kobe ashuhudie. Gu! gu! gu! Kiboko akakizungushia kivuli vigingi, akalala katikati, akacheka. Mjusi akarudi juani kwenye jiwe lake, akajifanya analia.

Kivuli kikasogea.

"Kobe! Kivuli changu kinaondoka!"

"Vigingi viko palepale," akasema Kobe.

Kivuli kikasogea tena.

"Kobe wee!"

"Palepale."

Alasiri kivuli kikahamia upande wa mawio, kikamfunika Mjusi gubigubi. Kiboko yumo ndani ya vigingi vyake, anaiva.

"Mjusi, nipishe hapo!"

"Uvuke vigingi ulivyopiga mwenyewe? Na Kobe anatutazama? Aibu, mzee wangu!"

Kiboko akasikia harufu ya nyama choma. Akageuka kutafuta nani anachoma. Kumbe ni yeye! Akatimka, chubwiii! Mpaka leo, mchana, ukimwona sana ni macho na masikio. Mjusi asubuhi yumo juani, alasiri yumo kivulini, na Kipanga, paa limemzibia kitoweo chake, kahama mti.

Ngano yangu imegonga kigingi, sivuki.

Funzo ni hili, wanangu: mwenye mwili mkubwa achague kwanza. Ndiyo heshima. Tena mhimizeni achague asubuhi na mapema.