Kamba Iliyojibu Pangoni

Uzi wangu!
— Uvute!
Nikiuvuta?
— Tusikie!

Basi, Bi Pimbi na wanawe waliishi pangoni chini ya mwamba. Siku moja walitoka kula majani. Kurudi, wakamkuta Fisi kajinyoosha ndani.

"Hapa ni kwangu," akasema.

Wakakimbilia juu ya mwamba, mahali ambapo Fisi hawezi kupanda. Lakini huko juu hakuna pa kujificha, na tai anazunguka. Bi Pimbi hakutulia. Akikaa, anainuka. Akiinuka, anatazama juu.

"Mama, tai kashuka tena!"

"Nimemwona. Bananeni!"

Mle pangoni kulikuwa na kamba yake ya muziki: utumbo mkavu juu ya vigingi viwili, na jiwe linaning'inia kuukaza. Bi Pimbi akafunga nyingine kule juu, utumbo wa unene ule ule, jiwe la uzito ule ule.

"Mzee Fisi! Kamba ya humo humjibu mwenye pango. Chagua urefu wa hii yangu, nikupigie. Ya humo ikijibu bila kuguswa, tunateremka utule. Isipojibu, zamu yangu. Ikinijibu mimi, unatoka."

"Utule? Na sisi, Mama?"

"Nyamaza wewe. Mzee, nikupe urefu sawa na ya humo?"

Fisi angekubali, ya humo ingejibu, nao wangekwisha.

"Sawa? Mimi nipewe sawa na pimbi? Ongeza kidogo!"

Bi Pimbi akasogeza kigingi. Dung! Pangoni kimya.

"Ongeza kidogo!"

Duung! Kimya.

"Kidogo tena!"

Duuung! Kimya. Tai akashuka, kivuli chake kikawapita watoto mgongoni.

"Zamu yangu," Bi Pimbi akasema upesi. "Mimi nusu ya hiyo ya humo yanitosha."

Fisi akacheka mpaka akapaliwa. "Nusu! Kinusu cha kamba kwa kinusu cha mnyama!"

Bi Pimbi akarudisha kigingi hadi nusu. Ting!

Nyuma ya sikio la Fisi, pasipo na mtu: tiiing!

"Nani huyo?"

"Hamna mtu, Mzee. Pango linaniita."

Ting! Tiiing!

Fisi akatoka mbio, manyoya yamemsimama, hata hakugeuka. Pimbi wakateremka vururu vururu, wakaingia. Kucha za tai zikakwaruza jiwe tupu: kwaraa!

"Mama, imejibuje?"

"Kamba nzima ni nusu mbili, mwanangu. Nikitikisa nusu huku, nusu za kule nazo hutikisika. Kinachozidi kidogo tu hakipatani nayo."

Na funzo ni hili, wenzangu: uroho wa kidogo kidogo hauna faida. Fisi angedai mara mbili ya ile ya pangoni, ingemjibu, na leo angekuwa ameshiba. Kwa hiyo sahani ikipita, usichukue kipande na chembe. Chukua viwili kamili.

Hadithi imeingia ndani, mlango nimefunga.
— Ilale salama!